Mwaka wa Masomo Tisa

Simu ilikuwa juu ya meza, katikati ya sufuria ya wali na bakuli la supu ya ukwaju, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya mwanamke mpole wa chuo cha udaktari aliyekuwa akirudia jambo lile lile kwa dakika kumi nzima. Erlinda Macaraeg alikuwa ameshika upawa bila kupakua. Mumewe Domeng, aliyekuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha mabasi na bado hajavua fulana ya kazi, aliinama mpaka kidevu kikakaribia kuigusa simu.

"Kwetu sisi mzigo kamili ni masomo matano kwa muhula," sauti ilisema. "Mihula miwili, kuanzia Septemba hadi Aprili. Kumi kwa mwaka. Na tunataka miaka mitatu ya namna hiyo."

"Lakini binti yetu amesoma miaka minne," Domeng alisema. "Minne si ni zaidi ya mitatu?"

"Ni zaidi, bwana. Lakini mizima ni miwili."

Domeng alimtazama mkewe, kisha akamtazama Krizia, mtoto wao wa pekee, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa amemaliza digrii yake ya baiolojia wiki mbili zilizopita. Krizia alikuwa anachora kitu kwa ukucha kwenye kitambaa cha meza.

"Chuo chake kinamwita mwanafunzi wa muda wote," Domeng aliendelea. "Ofisi ya mikopo inamwita hivyo hivyo. Hata kadi yake ya basi imeandikwa hivyo. Sasa ninyi mnamwitaje?"

"Hao wote wanahesabu kuanzia masomo matatu, bwana. Sisi tunahesabu matano."

"Na lile alilosoma kiangazi?"

"La kiangazi linahesabika kwenye digrii. Kwenye mzigo halihesabiki."

Krizia alinyoosha mkono, akamshukuru yule mwanamke kwa Kiingereza chake safi cha Winnipeg, mji aliokulia, akakata simu. Vyuo viwili vya udaktari vilikuwa vimekwisha kumkataa wakati wa baridi. Hiki cha mkoa jirani ndicho kilichobaki ambacho alama zake zilikitosha, na wote watatu walikuwa wamekaa mezani wakiamini kwamba wanapiga simu kuuliza tarehe tu.

"Nieleze taratibu," Domeng alisema. "Kama unamweleza mtu aliyepigwa nyundo."

"Mwaka wa kwanza, kumi. Wa tatu, kumi. Wa nne nilihitaji manane tu kumaliza, kwa hiyo nikasoma manane. Hakuna aliyeniambia manane ni kosa."

"Na wa pili?"

"Tisa."

"Kwa nini tisa?"

"Kuna moja niliacha, Baba. Nikalisoma kiangazi. Tule, supu inapoa."

Erlinda alipakua. Alimpelekea bakuli Lola, mama yake Domeng, aliyekuwa sebuleni akitazama mchezo wa kubahatisha kwenye televisheni kwa sauti ya juu, fimbo yake ya kutembelea ikiwa imelazwa mapajani. Aliporudi jikoni alikuwa amekwisha kukumbuka. Mwaka wa pili, mwezi wa Februari, Lola aliteleza kwenye barafu nje ya kanisa akavunjika nyonga. Nani alibaki naye nyumbani wiki zile sita? Na nani alimwambia Krizia, akiwa amesimama pale pale karibu na jiko, acha somo moja tu, mwanangu, utalisoma kiangazi?

Alikaa, akala wali mkavu, na hakuna aliyemwangalia.

*

Kwenye nyumba ya kulelea wazee alikofanya kazi, Erlinda alikuwa upande wa kufua. Mashuka yalikuja kwa magari ya wavu, yakaondoka kwa magari ya wavu, na kati ya hapo kulikuwa na muda mwingi wa kuzungumza. Mwenzake Nenita alikuwa na mpwa anayesomea udaktari, na jambo hilo lilijulikana na kila mtu kuanzia jikoni mpaka mapokezi.

"Nenita, ngoja nikuulize," Erlinda alisema wakikunja shuka, kila mmoja ameshika pembe mbili. "Mpwa wako alisoma masomo mangapi kwa muhula?"

"Matano. Muhula mwingine hata sita. Kwani?"

"Na angesoma manne?"

Nenita alisimama na shuka likaning'inia katikati yao. "Manne? Erlinda, mtu anayetaka udaktari anasoma manne? Ndiyo kazi yenyewe hiyo, wanataka kuona kama utabeba mzigo. Krizia alisoma manne?"

"Muhula mmoja tu."

"Na wewe ulikuwa wapi usimwambie?"

Erlinda alivuta pembe zake, shuka likanyooka. Alisema kuna mtu mwingine anayeuliza, si Krizia. Nenita akasema aha, kwa sauti ya mtu ambaye mpaka saa ya chakula atakuwa amekwisha kuwaambia wengine watatu.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alipanda mabasi mawili mpaka chuo kikuu, akiwa amevaa koti lake la kanisani ingawa jua lilikuwa kali. Ndani ya mkoba alikuwa na nakala ya matokeo ya Krizia aliyoichomoa kwenye droo. Alipanga foleni nyuma ya wanafunzi waliovaa kaptura, na zamu yake ilipofika alimkuta kijana mwenye ndevu nyekundu na kibao cha jina kifuani: Wes.

"Nataka kujua kama tisa inaweza kuwa kumi," alisema, akasukuma karatasi mbele.

Wes aliitazama karatasi, akairudisha bila kuisoma. "Wewe ndiye Krizia?"

"Mimi ni mama yake."

"Samahani, mama. Yeye ni mtu mzima. Siwezi kuzungumza na wewe habari zake."

"Nilimzaa mimi."

"Naelewa. Lakini ndivyo ilivyo, siwezi."

Wanafunzi nyuma yake walinyamaza kwa namna ya watu wanaosikiliza. Erlinda aliikunja karatasi mara mbili, halafu mara ya tatu, na haikutaka kuingia kwenye mkoba. Wes alimwangalia akihangaika nayo, akashusha sauti.

"Naweza kuzungumza habari za mwanafunzi yeyote tu. Mwanafunzi fulani, asiye na jina. Hilo hanikatazi mtu."

Erlinda alifikiri. "Kuna mwanafunzi fulani," alisema polepole, "aliacha fizikia mwaka wa pili. Bibi yake alivunjika nyonga. Wazazi wake walikuwa kazini."

"Mwanafunzi huyo," Wes alisema, "hapa kwetu hana tatizo lolote. Alijiondoa ndani ya muda, jina lake ni safi. Tatizo ni la chuo anachokwenda. Na vyuo vingine vya udaktari, kukiwa na ugonjwa katika familia, vinakubali kusoma maelezo. Barua, na karatasi za hospitali za wakati ule. Siahidi kitu. Lakini barua inasomwa."

"Nani anaiandika?"

"Mwanafunzi. Na mara nyingine huambatanisha ya mzazi."

Ndani ya basi la kurudi Erlinda alijaribu kuyapanga yote kichwani. Mwanafunzi mmoja, na kila dirisha linampa jina tofauti. Hapa ni wa muda wote, kule si wa muda wote. Digrii anayo, mzigo hana. Fizikia ameisoma, na tena ameipata vizuri, lakini haihesabiki kwa sababu aliisoma Julai. Akaona kwamba haelewi hata nusu. Lakini barua alielewa ni kitu gani.

*

Siku nne aliiandika. Karatasi za hospitali alizipata kwenye sanduku la biskuti alimohifadhi vitu vya Lola: tarehe ya kulazwa, tarehe ya upasuaji, maelekezo kwamba mgonjwa asiachwe peke yake kwa wiki sita. Aliandika kwamba yeye, Erlinda, alimwomba binti yake aache somo kwa sababu kazini hawakumpa ruhusa. Kwamba binti hakuwa na kosa. Aliinakili upya mara tatu, akaitia sahihi kwa jina lake lote.

Jumamosi asubuhi alimkuta Krizia sebuleni, amekaa kwenye zulia, anamkata Lola kucha za miguu. Alimpa barua akaenda kusimama dirishani.

Krizia aliisoma. Aliirudia. Lola alitikisa mguu akitaka kazi iendelee.

"Mama, usiitume hii."

"Kwa nini? Kiingereza kibaya?"

"Kiingereza ni kizuri."

"Basi kwa nini?"

Krizia aliweka kikata kucha chini. "Njoo jikoni."

Jikoni alifunga mlango, jambo ambalo katika nyumba ile halikufanyika isipokuwa wakati wa kukaanga samaki.

"Jumatatu ya wiki ile tulirudishiwa mtihani wa katikati ya muhula," alisema. "Wa fizikia. Nilipata thelathini na nane."

"Thelathini na nane ya ngapi?"

"Ya mia, Mama."

Erlinda alivuta kiti.

"Nilikuwa natafuta namna ya kuliacha lile somo, na sikujua nitawaambia nini. Jumatano Lola akaanguka. Ijumaa wewe ukaniomba. Nikasema ndiyo haraka mno, hukushangaa? Hata hukumaliza sentensi."

"Nilidhani ni moyo mzuri."

"Labda ulikuwepo na huo. Sijui. Nimejiuliza miaka miwili, na bado sijui. Vyote vilikuja wiki moja."

"Na tangu ile simu," Erlinda alisema, "wiki tatu nzima mimi sili, wewe unaniona siku zote, na unanyamaza."

"Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unaogopa, mimi nikajibebesha." Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na kitu kingine chepesi ambacho alikionea aibu, kwa sababu kilifanana na furaha. Hakuwa yeye. Au hakuwa yeye peke yake. Aliivuta barua karibu, akatazama mstari wa tatu, ule wa kazini, na wepesi ule ukamwondoka.

"Hapa," alisema, akaweka kidole. "Hapa nimeandika hawakunipa ruhusa."

"Ndiyo."

"Sikuwaomba."

Krizia alimtazama.

"Nilikuwa na miezi miwili tu pale kwenye chumba cha kufulia. Yule msimamizi, Bi Coreen, haongei, anatembea tu na ubao wake wa karatasi. Nikasema nikiomba ruhusa ataniona mzembe. Nikaja nyumbani nikakwambia wamekataa. Baba yako naye nikamwambia wamekataa. Nimelisema mara nyingi mpaka juzi nikaliandika bila kufikiri."

Sebuleni televisheni ilipiga makofi. Mtu alikuwa ameshinda gari.

"Kwa hiyo sisi sote wawili," Krizia alisema.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka."

Baadaye Krizia alisema kwamba ukiitazama vizuri, karatasi za hospitali ni za kweli, na nyonga ilivunjika kweli, na barua kama ilivyo ingeweza kufanya kazi. Erlinda akasema ndiyo, ingeweza. Hakuna aliyemalizia. Erlinda alichukua karatasi nyingine, akasukuma kalamu kwa binti yake.

"Andika wewe. Weka vyote. Nyonga, na ile thelathini na nane, na mimi kutoomba. Wakisoma waelewe wenyewe, maana mimi siwezi tena kutofautisha."

*

Jibu lilikuja mwishoni mwa Julai. Krizia alilisoma kwa sauti, kisha Domeng akalisoma kwa macho, kisha Erlinda. Lilisema kwamba maelezo yamezingatiwa, kwamba mazingira yaliyotajwa yanaeleweka, na kwamba mwombaji anakumbushwa kuhakikisha anatimiza masharti ya mzigo wa masomo wakati wa kuomba.

"Yanaeleweka," Domeng alisema. "Wameelewa. Hiyo ni ndiyo."

"Anakumbushwa," Erlinda alisema. "Mtu uliyemkubali unamkumbusha nini?"

"Adabu tu. Watu wa ofisi wanaandika hivyo."

"Mimi sijui ni nini," Krizia alisema. "Naweza kuisoma kwa namna zote mbili."

Walipiga simu. Safari hii alipokea mwanamume. Alitafuta faili, akasema mwaka wa pili unabaki kama ulivyo.

"Kwa hiyo ni hapana?" Domeng aliuliza.

"Ni kwamba unabaki kama ulivyo, bwana."

"Na kama barua isingesema habari za mtihani?"

"Siwezi kujibu kuhusu barua ambayo haikuandikwa."

Domeng alikata simu, akasimama, akakaa tena pale pale. Yeye aliambiwa mambo yote siku barua ilipotumwa, na hakuwa amesema kitu. Sasa alisema. "Nani aliwaomba? Thelathini na nane ilikuwa inamuuma nani? Nyonga ya mama yangu haikutosha?" Hakupaza sauti, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. Erlinda alikuwa na hakika siku ile jikoni. Leo hakuwa na hakika ya chochote. Domeng alikwenda uani kukata majani ambayo alikuwa ameyakata juzi.

Krizia ndiye aliyeamua. Atarudi chuoni mwaka wa tano, mwanafunzi mwenye digrii tayari, kwa ajili ya namba tu: matano Septemba, matano Januari, apate mwaka wa tatu mzima. Alitoa pesa zake za kazi ya kiangazi kwenye duka la dawa, na Domeng, aliporudi kutoka uani, akaongeza zile za kubadilisha matairi ya gari.

Masomo manne ya kila muhula aliyapata bila shida. La tano lilikuwa limejaa kila mahali. Kwa saa zilizobaki kwenye ratiba yake, kompyuta ilimpa somo moja tu lenye nafasi mwaka mzima, nalo lilikuwa Kiaislandi cha wanaoanza, lugha ya kisiwa kimoja cha mbali kaskazini.

"Kina faida gani?" Domeng aliuliza.

"Kinahesabika," Krizia alisema.

Basi nyumba ikajaa Kiaislandi. Alikisoma bafuni, akakisoma akimenya vitunguu saumu. Vitenzi vyake vilikuwa vinabadilika katikati kama vimepata ajali, na Erlinda, akimshikia vile vikadi vya maneno, hakuweza kujua kama jibu ni sahihi au binti yake anakohoa.

*

Februari Lola alipata homa ya mapafu. Walimlaza Jumatatu, na kufika Jumatano ilijulikana kwamba hatatoka wiki hiyo. Alikuwa anavua kinyago cha hewa kila akiachwa peke yake, na wauguzi waliomba mtu wa familia akae naye mchana.

Erlinda alipofika hospitalini baada ya zamu alimkuta Krizia kitandani kwa bibi yake, kompyuta mapajani.

"Nimeangalia tarehe," Krizia alisema bila kumtazama. "Kuacha somo bado kuna wiki mbili. Naweza kukiacha Kiaislandi. Kwa kweli nakifanya vibaya."

"Vibaya kiasi gani?"

"Hamsini na kitu. Lakini siyo kwa sababu hiyo. Au sijui. Mama, naona mambo ni yale yale, na safari hii najiangalia na bado sijui kwa nini nataka kuacha."

"Usiguse kitu mpaka kesho," Erlinda alisema.

Asubuhi alifika kazini nusu saa kabla. Alikuwa amejiandaa njia nzima: nyonga, mapafu, umri wa Lola, miaka yake mitatu bila kuchelewa, namna atakavyofidia Jumapili. Bi Coreen alikuwa mlangoni mwa chumba cha kufulia na ubao wake.

"Mama mkwe wangu amelazwa," Erlinda alisema. "Naomba siku."

"Ngapi?"

Hakuwa amefikiria idadi. "Nane."

Bi Coreen alichomoa karatasi yenye mistari mitatu. "Jina, tarehe, sahihi. Pole sana. Anza leo ukitaka, Nenita yupo."

Erlinda aliandika jina. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kukunja shuka. Alibaki amesimama pale, hotuba yake yote ikiwa bado kifuani, na Bi Coreen, akidhani mgonjwa ana hali mbaya sana, alimgusa begani. Ndipo machozi yakamtoka, na asingeweza kumweleza mtu yeyote pale kwamba hayakuwa ya Lola.

Saa tatu na nusu alikuwa hospitalini na koti bado lina theluji. Krizia aliinua kichwa.

"Vipi, hujaenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa. Siku nane. Nenda darasani."

"Wamekupa hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu."

Walitazamana. Krizia alitaka kusema kitu, Erlinda akatikisa kichwa, akamvutia mkoba wake kutoka chini ya kiti. "Kimbia. Si linaanza saa nne?"

Mwaka ule ulikuja kuhesabiwa mzima, masomo kumi, Kiaislandi kikiwa cha mwisho kwa alama hamsini na tisa. Oktoba iliyofuata maombi yake yalipokewa bila neno juu ya mzigo, na wakati wa baridi akaitwa kwenye usaili. Asubuhi ile hospitalini hayo yote hayakujulikana. Kilichojulikana ni kwamba Krizia alikuwa anakimbia kwenye korido, na viatu vyake vya theluji vinalia kwenye sakafu.

Lola alifungua macho. Erlinda alikirudisha kinyago mahali pake, na Lola akakisogeza tena pembeni ili azungumze.

"Mtoto kaenda wapi?"

"Darasani, Mama."

"Kusoma udaktari."

"Kusoma Kiaislandi."

Lola aliitazama dari kwa muda mrefu, akilitafakari jambo hilo.

"Huko kuna wagonjwa wengi?" aliuliza.

Erlinda alianza kumweleza habari za masomo matano, na kumi, na miaka mitatu mizima. Alifika katikati akapotea. Akaona ni rahisi zaidi kusema ndiyo, wako wengi, na akamrudishia kinyago.